Shati la Pompe

Juzi niliingia duka moja la Birere, hapa Goma, kutafuta misumari ya bati, nikakosea mlango. Duka lile huuza mbegu, majembe na dawa za mimea. Mwenye duka alikuwa ameketi juu ya kreti akimimina dawa kutoka dumu kubwa kwenda vichupa vya maji ya kunywa, mikono mitupu, huku akipiga soga na jirani yake kana kwamba anagawa mafuta ya mawese. Harufu ilinifikia kabla salamu haijanitoka: kitunguu saumu kilichooza, na ndani yake mafuta ya taa. Mtu mwenye akili zake angeziba pua. Mimi mdomo ulinijaa mate. Nilisimama pale, mama mzima mwenye watoto wake, nikifurahi kama mtoto aliyesikia sufuria inafunuliwa. Furaha yenyewe haikudumu. Niliposhtuka nilikuwa nimekaa nje kwenye ngazi, misumari nimeisahau, machozi yananitoka mbele ya vijana wa pikipiki.

Lazima nieleze, maana hata mume wangu nilipomsimulia alinitazama kwa jicho la wasiwasi. Harufu ile ilikuwa harufu ya Papa, baba yangu, anaporudi kutoka kazini. Ilimtangulia mlangoni. Mimi niliisikia kwanza, kisha nikasikia viatu vyake kwenye changarawe, kisha nikaona kabeji kwapani mwake au kifuko cha nyanya mkononi, na hapo nikajua kwamba jikoni kwetu kutawaka moto. Katika miaka ile, kwa mtoto wa Goma, hilo halikuwa jambo dogo.

Nyinyi wa rika langu hamhitaji kuhadithiwa siku mlima wa volkano uliposhuka mjini. Kila mmoja ana lake: mwingine alikimbia na sufuria ya maharagwe ambayo hayajaiva, mwingine na jogoo kwapani. Sisi tulivuka mpaka na mafundo mawili ya nguo na redio isiyokuwa na betri. Tuliporudi, Papa alinishika mkono akanipeleka Birere, mahali palipokuwa na duka lake la vitenge. Palikuwa na mawe meusi yaliyopita kimo cha mtu, bado yana joto chini ya viatu, na moshi unatoka kwenye nyufa. Papa alipanda, akatembea huku akipimapima kwa macho, akasimama.

"Duka iko hapa chini," aliniambia, akapiga kisigino kwenye jiwe.

Nami nikamwamini kwa namna yangu. Nilifikiri duka liko zima kule chini, vitenge vimekunjwa vizuri kwenye rafu, taa inawaka, na mlima umelimeza tu kama nyoka anavyomeza yai. Nilichojiuliza ni kwa nini mlima ulichagua duka la baba yangu ukaacha la jirani wa upande wa pili wa barabara. Mtoto hajui bahati. Mtoto akiona mtu kapigwa hutafuta aliyempiga na sababu ya kumpiga, nami niliamua kwamba mlima ulikuwa na ugomvi na Papa.

Tulihamia mtaa wa Mabanga, kwenye nyumba ya mbao ya vyumba viwili. Nyuma yake kulikuwa na jabali la volkano ya zamani, lenye kimo cha paa, ambalo Mama alianikia nguo. Jirani yetu alikuwa Mama Furaha, Mkristo kutoka milima ya Masisi, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata anapokuomba chumvi. Mimi nilikuwa mtoto pekee, na kwa kuwa nilibeba jina la mama mzazi wa Papa, yeye aliniita "mama" siku zote. Hata akinigombeza aliniita mama.

Kazi ilikuwa ngumu kupatikana. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na barabara zilifungwa leo zikafunguliwa kesho, kulingana na nani kaamkia wapi na bunduki. Bidhaa hazikuja. Papa alikuwa mtoto wa wafanyabiashara. Babu zake walitoka Maniema wakiuza nguo, na katika ukoo ule hakuna aliyewahi kushika jembe ila siku ya kuzika. Sasa Mama Furaha alikuwa na mjomba wake, Muzee Bauma, mwenye shamba la nyanya na kabeji upande wa Sake, kwenye bonde lililojaa udongo mweusi katikati ya mawe ya volkano. Muzee Bauma alitafuta mtu wa kubeba pompe. Pompe ni lile dumu la mgongoni lenye mpini wa kusukuma na mrija wa kupulizia dawa. Vijana wa pale hawakuipenda kazi hiyo. Papa aliichukua, na wenzake wa msikitini wakamtania kwamba sasa anazivalisha nyanya vitenge.

Siku moja ya likizo alinichukua nikaone. Muzee Bauma mwenyewe ndiye aliyempimia dawa, kwa kifuniko cha chupa. Maandishi ya chupa yalikuwa ya lugha ambayo hata Papa, aliyesoma, hakuijua. Mwanzoni kilikuwa kifuniko kimoja kwa pompe moja.

"Bidudu imeisha kuzoea," alisema Muzee Bauma. "Ongeza ingine. Na ile ya unga pia, weka. Hii mvua inaoza matunda."

Papa aliongeza. Mti wa kukorogea uliacha mabonge, kwa hiyo alikunja mkono wa shati akaingiza mkono wake hadi kwenye kiwiko, akakoroga, akajifuta kwenye suruali. Alijifunga kitambaa mdomoni, lakini jua lilipochoma alikivua, kwa sababu alikuwa anakosa pumzi. Kifuniko cha pompe hakikukaza vizuri. Kila alipoinama dawa ilimtiririkia mgongoni. Alipita mstari kwa mstari, na nyuma yake majani yakageuka rangi ya maziwa yaliyotiwa bluu kidogo. Niliona ni kazi nzuri sana. Nyanya zile zilipofika sokoni, akina mama walichagua kwanza zenye vumbi lile jeupe, wakisema hizi zimetoka kwa mtu anayetunza shamba lake, na wauzaji walijua wasizifute.

Papa alikuwa na shati moja la pompe. Lilikuwa la mikono mirefu, zamani la buluu. Mama alilifua mara moja kwa wiki, siku ya mapumziko, kama ilivyofanywa na kila nyumba. Mnakumbuka maji yalivyokuwa. Tuliyateka ziwani, bidoni, lile dumu la plastiki, inafungwa kwa kamba kichwani, inalala mgongoni, na kupanda nayo hadi Mabanga ni jasho tupu. Hayo maji ni ya kunywa, kupika, kutawadha na kunawa miguu. Mwanamke ambaye angefua nguo ya kazi kila siku, wakati kesho itachafuka tena, majirani wangemwona mwenda wazimu au mwenye kiburi. Basi shati lilitundikwa kwenye msumari juu ya mkeka wangu. Na siku ambazo Papa alilala shambani kulinda mazao, amevaa shati jingine, Mama alinikunjia lile la pompe liwe mto, kwa sababu bila hivyo nilikuwa silali. Nililala nimezika pua kwenye kola yake. Asubuhi niliamka na kichwa kizito na macho yanayotoa maji, na Mama akanipapasa paji la uso.

"Ni mawazo ya papa yako," alisema. "Atarudia tu."

Mara ya kwanza Papa alipoanguka, ilikuwa kule bondeni, asubuhi. Wanaume walimleta amelegea, mate yanamchuruzika, anatetemeka mwili mzima, kisha akatapika mlangoni. Hakuna aliyeuliza mara mbili.

"Ni mazuku," walisema. "Imemushika mule mu bonde."

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu: mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini upande ule wa Sake, haina rangi wala harufu, nayo hutuama mabondeni, hasa asubuhi kabla ya upepo. Mbuzi huingia na hatoki. Watoto tulionywa juu yake kama wengine wanavyoonywa juu ya barabara. Na dawa yake kila mtu anaijua: mtoe mtu kwenye shimo, mpandishe juu, mlaze penye upepo. Hivyo ndivyo walivyofanya. Walimbeba Papa hadi juu ya lile jabali letu la kuanikia nguo, wakamlaza kati ya mashuka, na kwa kuwa alikuwa anatetemeka wakamfunga blanketi mbili, shati lake likiwa mwilini, limelowa bado. Mama Furaha alileta maziwa ya Masisi akamnywesha kwa kijiko. Walikuwa watu wema, na walikuwa na haraka, na kila walichokifanya kilikuwa sahihi kwa mazuku.

Alikaa siku kadhaa hajiwezi, kisha akarudi kazini. Baadaye ikamshika tena. Watu wakasema mazuku ikikuonja mara moja inakupenda.

Mimi sikuwa na shaka yoyote. Mlima ulikuwa umekula duka, haukushiba, sasa umemtuma mtoto wake amfuate Papa hadi shambani. Niliiwaza mazuku kama mnyama mdogo asiyeonekana, anayetambaa kwa tumbo, asiyejua kupanda. Nikaanza kumlinda baba yangu. Kitanda chake kilikuwa kimeinuka vya kutosha kutoka sakafuni, lakini alipenda kuketi kwenye kigoda kifupi cha Mama, nami nilikificha hicho kigoda kila alipokitafuta. Nilikuwa nimesikia kwamba wanaume wakitaka kujua kama mazuku iko mahali, hushusha moto taratibu, ukizimika, kimbia. Basi nilichukua kipande cha mshumaa nikawa nakizungusha chini ya kitanda cha Papa, kwenye pembe za nyumba, karibu na mkeka wangu, hata chini ya lile shati lililotundikwa. Mshumaa haukuzimika hata mara moja. Mtu mzima angejifunza kitu hapo. Mimi niliona tu kwamba mazuku wetu ni mjanja, anajificha akiona moto.

Na Papa aliendelea kubadilika mbele ya macho yetu. Mikono iliyokuwa ikikata kitenge bila kupima sasa ilimwaga chai. Macho yake yalikuwa na maji muda wote. Nilidhani analia kwa ajili ya duka, na kwamba anaona haya kutulilia waziwazi, kwa hiyo nilijifanya sioni.

Kisha vita vikafika Sake. Askari waliweka kambi kwenye lile bonde la Muzee Bauma, wakala kabeji zote na kukanyaga zilizobaki. Muzee Bauma, ambaye hakuwa mtu wa kukaa na kulia, alikodi kipande kingine karibu na mji, juu ya kilima kimoja upande wa Mugunga. Nilipolisikia neno kilima niliruka. Nilimwambia Mama Furaha, nilimwambia muuza samaki wa sambaza, nilimwambia kila aliyetaka na asiyetaka: Papa sasa analima juu, mazuku haitamfikia tena. Tangu mlima ushuke sikuwahi kulala na moyo mwepesi namna ile.

Mvua zilikuwa nyingi msimu ule. Nyanya zilikuwa zinaoza, na Papa alipulizia karibu kila siku.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa juu ya jabali nikianua nguo, nikaona chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, inashuka barabarani, wanaume wawili wanaizuia kwa breki ya viatu, na juu ya mbao zake, mahali pa kupakia makaa, amelala mtu. Niliitambua suruali. Harufu ilifika kabla yao, kama siku zote, na namwambia Mungu wangu kwamba mdomo ulinijaa mate.

"Mama Mwamini!" mmoja aliita, kwani Mwamini ndilo jina langu. "Mama Mwamini, mazuku imemushika tena!"

Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Papa alikuwa vibaya kuliko siku zote. Kifua kilikuwa kinakoroma, povu limejaa mdomoni, mkojo umemtoka. Mama Furaha alikuwa amekwisha fika, anaamuru kwa ile sauti yake: mushike miguu, mupandishe ku jiwe, lete blanketi. Wanaume wakainama wamwinue. Nami nilikuwa nimesimama pale juu, na nguo mikononi, sielewi. Niliona nimedanganywa. Sikuuliza ili nimsaidie mtu. Niliuliza kwa sababu nilikuwa na hasira.

"Mama," nilisema, "mazuku inapandaka mulima?"

 Wale wanaume walikuwa wamemwinua tayari.

"Alikuwa kule juu! Mulisema haipandaki! Na mushumaa haizimaki hapa ku nyumba, nimejaribu!"

Mama alinitazama. Kisha akawatazama wale wanaume. "Mumemutoa wapi?" aliwauliza. "Ku kilima? Juu kabisa?"

"Juu kabisa, mama. Na upepo ilikuwa nyingi."

Sijasahau uso wa Mama wakati ule, na sitausahau. Alikuwa mtu aliyekuwa akilitazama jambo moja kwa miezi mingi, na sasa ndiyo analiona. Aliinamia kifua cha Papa akanusa. Akanyanyua mikono yake mwenyewe, akageuza viganja. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa inambanduka kila baada ya siku ya kufua, na alikuwa akiilaumu sabuni. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nasi tulikuwa tumekikunja tukakilalia.

"Mushusheni chini," alisema.

"Mama, huyu mutu—" alianza mmoja wao.

"Mushusheni! Mumuvue nguo. Yote!"

"Atakufa na baridi, dada yangu," alisema Mama Furaha. "Angalia vile anatetemeka."

"Afe na baridi basi, nitajibu miye mbele ya Mungu. Mumuvue! Mwamini, geuka kule. Usiangalie papa yako."

Nikageuka. Nilikuwa juu ya jabali, nimeelekea ukuta wa mbao wa jirani, na sikuona chochote zaidi ya mbao zile na misumari yake. Nilisikia shati likipasuliwa. Nilisikia bidoni ya kwanza ikifunguliwa, ile ya kunywa, na maji yakimwagwa. Sijawahi kusikia maji yakimwagwa vile nyumbani kwetu, mfululizo, bila mtu kusema inatosha. Sabuni, maji, sabuni, maji. Bidoni zetu zikaisha. Nikasikia Mama Furaha, aliyekuwa anabisha sasa hivi tu, akipiga ile sauti yake hadi mwisho wa mtaa: "Leteni maji! Mwenye kuwa na maji alete!" Na miguu ya wanawake ikaja, na mizigo ikatuliwa, na maji yakaendelea. Hao walikuwa watu walioyapandisha maji yale kwa migongo yao asubuhi ileile. Hakuna aliyesema, na sisi tutapikia nini.

Niliendelea kutazama misumari. Nilijua kwamba ikiwa maji yatakoma kukawa kimya, basi. Yalikoma. Kukawa kimya. Kisha mtu akakohoa, kikohozi kirefu cha kukwaruza, na sauti ya Papa, nyembamba kama ya mzee:

"Hii maji iko baridi. Mutaniua."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Wakamfunga kwenye kitenge kikavu, wakamrudisha kwenye chukudu, wakamkimbiza kituo cha afya. Infirmie, muuguzi wa pale, alimfunua jicho. Ile nukta nyeusi ya katikati ilikuwa imesinyaa kama kichwa cha pini. Aliuliza swali moja tu, anafanya kazi gani. Mama akajibu, anapigaka pompe. Wakamchoma sindano moja baada ya nyingine hadi kifua kilipokauka. Yule infirmie alimwambia Mama kwamba wengine huletwa na nguo zao mwilini, wamefungwa blanketi, na kuwaponya hao humshinda.  Mama alikuwa anakumbuka zile blanketi mbili.

Papa aliporudi nyumbani hatukuwa na shati la pompe tena. Mama alikuwa amelichimbia shimo mbali na watu. Lakini pompe ilikuwepo, na shamba lilikuwepo, na njaa ilikuwepo. Niliwasikia wakibishana, Papa amejilaza, Mama anamenya viazi.

"Hautarudia kule."

"Sasa tutakula nini? Mawe? Mawe tuko nayo mingi."

"Tutakula yenye tutapata. Mutoto alikuwa analala ku ile shimizi ya pompe, unajua?"

Papa aligeukia ukuta, na hakuahidi kitu. Mimi nilikuwa nimelala palepale kwenye mkeka, bila mto, nikiomba aseme ndiyo. Alikuwa mtu wa kushika ahadi. Angesema ndiyo, ingekuwa ndiyo. Hakusema.

Siku chache baadaye Muzee Bauma alikuja kumjulia hali. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alikuja na kofia mkononi na kikapu cha nyanya kilichofunikwa majani ya ndizi, kwa maana huendi kwa mgonjwa mikono mitupu. Zilikuwa nyanya nzuri ajabu, kubwa, ngumu, na zote zina lile vumbi jeupe. Mama alikipokea kikapu kwa mikono miwili. Ungefanya nini? Chakula cha mgeni hakirudishwi. Alisimama nacho katikati ya nyumba kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Asante, Muzee," alisema hatimaye. "Zilipigwa dawa lini?"

"Jana tu," alijibu Muzee Bauma kwa fahari. "Zisioze mu njia."

"Na kwenu, munakula zenye kupigwa jana?"

"Apana!" Alicheka, kama anayeulizwa kama analala na viatu. "Za kwetu ziko nyuma ya jikoni. Zile hatupigake dawa, mama. Hizi ni za soko."

Alilisema hivyo, bila hila, kama unavyomwambia mtu mlango uko wapi. Na baada ya kulisema akalisikia. Niliona mkono wake ukiacha kuzungusha kofia. Mama bado amesimama na kikapu.

Papa alijiinua kwa kiwiko. Hakuwa na hasira. Nafikiri ingekuwa rahisi kwa sisi sote kama angekuwa nayo.

"Muzee," alisema, "basi na miye nilikuwa wa soko."

 Muzee Bauma alikuwa mtu mzima kuliko baba yangu, alizika watoto wawili katika vita vile, na dawa ile aliuziwa na watu waliomwambia ni nzuri.  Aliinuka, akachukua kikapu chake mikononi mwa Mama, taratibu, akatoka nacho. Siku ya pili mjukuu wake alileta kikapu kingine. Nyanya za humo zilikuwa ndogo, zimepinda, zina matundu ya wadudu. Mama alizipika, tukala, na Papa akaniambia nikibakishe kipande chenye tundu nimwoneshe.

"Unaona, mama? Kidudu alitangulia kula, na hakukufa," alisema. Halafu, bila mtu kumuuliza tena, akamwambia Mama kwamba pompe hataibeba.

Alirudi kwenye biashara, ya vipande tu sasa, vitambaa vya kichwa, akitembeza begani hadi Ndosho. Tulilala njaa mara nyingi, sitadanganya. Mikono yake haikutulia tena kabisa. Kwenye sherehe alishika kikombe kwa mikono yote miwili kama mtoto. Na alikuwa na desturi moja ambayo marafiki zangu waliicheka. Ingawa alishika vitambaa visafi kutwa nzima, akifika mlangoni hakuniruhusu nimkimbilie. "Ngoja kwanza, mama," alisema, akanawa, akabadilisha nguo nyuma ya nyumba, ndipo akafungua mikono. Nilikua hivyo, nikiwa nimesimama mlangoni na taulo, ninangoja baba yangu awe wa kukumbatiwa.

Amefariki mwaka huu, mzee kiasi. Daktari alitaja figo na moyo, na mimi si daktari. Wanaume wa msikiti walikuja kumwosha kule Mabanga, katika nyumba ileile, wakatundika mashuka nyuma ya nyumba chini ya jabali. Mimi na Mama tuliketi upande wa pili. Niligeukia ukuta bila mtu kuniambia. Nikasikia bidoni ikifunguliwa, na maji yakimwagwa, mengi, bila haraka, na Mama akanishika mkono, kwa hiyo najua kwamba na yeye alikuwa anasikiliza kitu kilekile. Maji yakakoma. Tukakaa kimya sote wawili, tukingoja akohoe.